Jagi la Mzee Bashiri

Kila asubuhi Sada aliweka jagi la maji mezani. Lilikuwa jagi la plastiki la kijani, lenye mfuniko mweupe. Maji yake yalichemshwa, yakachujwa kwa kitambaa safi, yakaachwa yapoe. Kando ya jagi aliweka kikombe cha bati. Kisha alimwita mumewe.

"Baba Hasna, maji yako haya."

"Nimeyaona, mke wangu," alijibu Mzee Bashiri kutoka chumbani.

Kuyaona, aliyaona. Kuyanywa ilikuwa habari nyingine.

Nyumba yao ilikuwa mjini Sumbawanga, nyuma ya soko. Mbele ya nyumba palikuwa na duka la vipuri vya baiskeli. Zamani mtu akitaka tairi aliandikisha jina lake, akasubiri miezi. Sasa ulikuwa mwaka 1997. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na tairi zilining'inia dukani mpaka mlangoni. Mzee Bashiri alikuwa pia na lori moja la kupeleka mahindi na maharage Mbeya. Lakini mwaka huo duka na lori vilisimamiwa na binti yao, Hasna, kwa sababu baba yake alikuwa ametoka hospitali.

Ugonjwa wenyewe ulianza kimyakimya. Mwaka uliotangulia, Mzee Bashiri aliona damu kwenye mkojo. Hakusikia maumivu yoyote, kwa hiyo alinyamaza. Siku nyingine mkojo ulikuwa safi, naye akajiambia amepona. Alinyamaza hivyo miezi mitano. Wanaume wetu hawa, baiskeli ikilia kidogo wanaipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Mwili ukilia wanauambia unyamaze.

Sada ndiye aliyeliona doa kwenye shuka alipokuwa akifua. Hakugombana naye. Alimvika koti, akamshika mkono, wakaenda hospitali pamoja.

Vipimo vilionyesha saratani ya kibofu cha mkojo. Daktari aliuliza, "Mzee, uliwahi kuugua kichocho?"

Aliwahi. Ujanani alikuwa akiteremka bonde la Rukwa, huko Kaoze, kununua mpunga. Alivuka maji kwa miguu siku nzima. Alikojoa damu mwaka mzima kabla ya kutibiwa. Tena alivuta sigara kwa miaka ishirini. Daktari alimwambia kwamba kichocho cha muda mrefu kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na sigara pia.

Walipanda basi mpaka Mbeya, kisha treni mpaka Dar es Salaam. Huko, katika hospitali kubwa, madaktari walikitoa kibofu kizima pamoja na saratani yake. Kisha wakamtengenezea njia mpya ya mkojo. Upande wa kulia wa tumbo, chini kidogo ya kitovu, sasa alikuwa na kitundu chekundu. Mkojo ulitokea hapo, tone kwa tone, ukaingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Wauguzi walimweleza mambo mengi. Mzee Bashiri aliitikia yote kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia asiyokusudia kuipita.

Walirudi nyumbani mwezi wa nne. Kufikia mwezi wa sita kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, na mzee alikuwa akila ugali na samaki, migebuka, bila kubembelezwa. Tena alianza kufunga saumu. Kwanza Jumatatu na Alhamisi, kama wafanyavyo wengi wapendao sunna. Baadaye akaongeza Jumatano. Mwisho akawa anafunga karibu kila siku.

Majirani walimsifu. "Mama Hasna, mumeo amekuwa mcha Mungu kweli," walisema. Sada alitabasamu. Moyoni alijisikia fahari. Mtu aliyeponea chupuchupu ana haki ya kumshukuru Mola wake.

Lakini jambo moja halikumwingia akilini. Mzee Bashiri alikuwa muadhini wa msikiti wao kwa miaka kumi na tisa. Sauti yake ilijulikana mtaa mzima. Hata majirani Wakristo waliamka kwa sauti hiyo, wakawasha moto, wakatoka kwenda mashambani. Tangu arudi kutoka Dar es Salaam alikuwa hajakanyaga msikitini. Alisali chumbani, peke yake, mlango umefungwa. Siku hizi aliyeadhini alikuwa fundi cherehani mmoja, mtu mwema sana, ila sauti yake ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Lini utarudi msikitini, Baba Hasna?" Sada aliuliza.

"Kidonda bado."

"Kidonda kimefunga. Nakiona kila tunapobadilisha mfuko."

"Kidonda cha ndani," alijibu, akageukia ukutani.

Basi Sada akaanza kuangalia jagi. Jioni, wakati wa kufuturu, mumewe alikula tende moja, akanywa mafunda mawili ya maji, akala chakula. Hakunywa tena. Asubuhi kabla ya kufunga alikunywa nusu kikombe cha chai. Jagi lilibaki limejaa. Na mkojo kwenye mfuko ulikuwa mchache, mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake ilikuwa kali.

"Mbona hunywi maji?"

"Baridi yote hii, nani ana kiu?"

Ni kweli, mwezi wa sita upepo wa Ufipa unakata kama wembe. Sada alitaka kuamini. Lakini alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na moja, na alijua sauti yake anapoficha jambo.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Hasna aliita kutoka dukani. "Mama, njoo. Baba anatetemeka."

Mzee Bashiri alikuwa ameketi juu ya kreti, koti limefungwa hadi shingoni. Meno yaligongana. Mkono mmoja alishika mgongo, chini ya mbavu. Sada alimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto.

Sada hakupoteza muda. Alikwenda ukingoni mwa ua, akamwita jirani yao Zenon. Zenon alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, Mfipa wa Msanzi, na alikuwa jirani yao tangu Hasna yuko shule ya msingi. Siku hiyo alikuwa zamu ya mapumziko, anapalilia viazi vyake. Aliacha jembe, akanawa mikono, akaja. Ingawa aliitwa kwa haraka, mlangoni alichuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyowasalimu wakubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Bashiri, huku akitetemeka. "Ni malaria tu."

"Labda," alisema Zenon. "Umekunywa maji kiasi gani leo?"

"Nimefunga."

"Na jana?"

"Nilifunga."

"Na juzi?"

Mzee Bashiri alivuta kola ya koti lake. Zenon aliomba ruhusa, akaangalia mfuko. Aliangalia rangi ya mkojo, akanusa, akabonyeza mgongo taratibu. Mzee aliruka kwa maumivu.

"Tunakwenda hospitali sasa hivi," alisema Zenon. "Hili si la kusubiri kesho."

Walimpandisha kwenye lori lake mwenyewe. Hospitali walimpima damu. Hakuwa na malaria. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye njia ya mkojo na kufika kwenye figo. Alitundikiwa dripu, akachomwa sindano za dawa. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku hiyo Zenon alivuta kiti, akaketi kati ya Mzee Bashiri na Sada.

"Mzee, nataka nikueleze tumbo lako," alisema. "Walikueleza Dar es Salaam, lakini nadhani masikio yako yalikuwa safarini."

"Eleza," alisema Mzee Bashiri.

"Tangi la lori lako likioza, fundi hufanya nini?"

"Hulitoa."

"Naam. Figo zako ni nzima. Zinatengeneza mkojo kama zamani. Zamani mkojo ulishuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, ukakaa hapo, nawe ukaamua lini utoke. Kibofu kilikuwa na saratani, kimetolewa. Sasa mkojo upite wapi? Daktari alikata kipande cha utumbo mwembamba, kama shibiri moja. Utumbo uliobaki aliuunga tena, ndiyo maana unakula ugali wako bila shida. Ile mirija miwili aliiunganisha na kile kipande. Ncha moja ya kipande aliiziba, ncha nyingine aliitoa nje ya tumbo. Hicho ndicho kitundu chako."

"Kwa hiyo kile chekundu ni utumbo?" aliuliza Sada.

"Ni utumbo, Mama Hasna. Ni mwekundu kama ndani ya mdomo. Ukiwa hivyo, ni mzima. Ukiugusa hauumi. Unaweza kutoka damu kidogo ukiufuta, hiyo isiwatishe. Lakini ukiona umekuwa mweusi, njooni mbio."

Sada alikuwa na swali jingine. Alikuwa nalo muda mrefu. "Mbona mkojo una nyuzinyuzi nyeupe? Nilidhani ni usaha."

"Si usaha. Utumbo una ute wake, na ute huo hautakwisha. Maji mengi ndiyo yanayousafisha. Yakiwa machache, ute unaganda na kuziba njia. Mkojo unasimama, vijidudu vinazaliana, vinapanda kwenye figo." Alimgeukia mzee. "Ungeweza kuendesha lori lako kwenda Mbeya rejeta ikiwa kavu?"

"Injini ingekufa kabla sijamaliza milima."

"Basi figo zako ndizo injini. Vikombe vinane mpaka kumi kwa siku. Kufunga, acha kwanza. Utamuuliza daktari akikuona. Na mfuko usiungoje ujae. Ukifika theluthi, mwaga. Ukijaa unavuta, unabanduka, mkojo unaunguza ngozi."

Mzee Bashiri alisikiliza. Safari hii masikio yalikuwapo. Lakini mwisho alitikisa kichwa.

"Zenon mwanangu, nimekuelewa. Ila siwezi."

"Huwezi kunywa maji?"

"Siwezi."

Zenon alimtazama. "Mzee, mficha maradhi, kilio humuumbua. Sema."

Mzee Bashiri alitazama dirisha. Kisha akasema, na Sada akasikia kwa mara ya kwanza.

"Siku ya kwanza nilipoweza kusimama, nilitia udhu, nikaanza kusali. Nilipoinama kwenye rukuu nikasikia joto kwenye mfuko. Mkojo unatoka. Udhu umekatika. Nikaanza upya. Ukatoka tena. Nikaanza mara ya tatu. Nikaona sitasali tena maisha yangu. Halafu nikagundua nisipokunywa maji, mfuko unakaa karibu mkavu. Naweza kumaliza rakaa nne. Ndiyo maana nikafunga. Watu wakanisifu, nami nikanyamaza." Alimeza mate. "Miaka kumi na tisa nimewaita watu kwenye sala. Leo niingie msikitini na mfuko wa mkojo tumboni? Bora nife nasali kuliko kuishi bila sala."

Sifa zote zile za majirani alizitabasamia, kumbe mwenzake alikuwa anajikausha. Alitaka kumkasirikia, hakuweza. Alimshika mguu juu ya blanketi.

"Mzee, hapo mimi sina jibu," alisema Zenon. "Mimi Mkatoliki. Figo nazijua, udhu siujui. Lakini wanaoujua wapo."

"Sheikh asiambiwe," alisema Mzee Bashiri haraka. "Wala yeyote. Sada, niahidi."

Sada hakuahidi. Alirekebisha blanketi, akasema anakwenda kuchukua uji.

Uji haukuwa njia moja na nyumba ya Sheikh Mahmud, lakini Sada alipita huko. Alimkuta sheikh uani, anaziba pancha ya baiskeli, na mkewe anachambua maharage. Sada aliketi karibu na mke wa sheikh. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Kisha akakumbuka ule mwili unaotetemeka juu ya kreti, akasema yote, mwanzo hadi mwisho.

Sheikh Mahmud aliiweka chini gundi yake.

"Bi Sada, mumeo ameniadhinia miaka kumi na tisa," alisema. "Kila alasiri tunakunywa kahawa pamoja. Na swali moja ameshindwa kuniuliza?"

"Ana aibu, sheikh."

"Aibu imemfanya ajiue kwa kiu. Ngoja nivae kanzu."

Walipoingia wodini pamoja, Mzee Bashiri alimtazama mkewe kwa jicho kali. Sada aliinua kikapu cha uji. "Njaa ilinipotosha njia," alisema. Zenon, aliyekuwa anabadilisha dripu, aligeuka ili kicheko chake kisionekane.

Sheikh alisalimu, akaketi kitandani kabisa, goti kwa goti na rafiki yake.

"Bwana Bashiri, unadhani wewe ndiye mtu wa kwanza duniani asiyeweza kuzuia mkojo?"

Mzee Bashiri alitazama mikono yake.

"Watu hao wamekuwapo tangu zamani, na wanazuoni wamewaandikia mlango wao. Mtu kama wewe anaitwa mwenye udhuru. Sikiliza. Unangoja wakati wa sala uingie. Unamwaga mfuko, unasafisha kadiri unavyoweza. Unatia udhu, unasali bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo, katikati ya rukuu au sijida, umesamehewa. Huanzi upya. Sala ya faridha inayofuata, unafanya hivyohivyo."

"Na mfuko wenyewe?"

"Mfuko ni tiba. Unaweza kuuvua?"

"Siwezi."

"Basi Mungu anajua huwezi."

"Na adhana?"

"Adhana ni sauti. Kwani umetolewa koo?"

Mzee Bashiri aliinamisha kichwa. Sheikh alimwekea mkono begani. "Na saumu ya sunna inayokuharibia figo, hiyo umeizua wewe. Kunywa maji, ndugu yangu."

Zenon alikuwa amesimama na chupa tupu ya dripu mkononi. "Samahani, sheikh. Amwage mfuko kabla ya kila sala. Ni mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano."

Zenon alicheka waziwazi sasa. "Mimi huwabembeleza wagonjwa wangu wamwage mara nne au tano, wanasahau mpaka mfuko unapasuka. Mzee huyu ana saa yake msikitini."

"Lakini ukifika theluthi katikati?" aliuliza Sada, ambaye hakuacha kitu kipite.

"Amwage hapohapo. Sala ni za kumkumbusha, si za kumzuia."

Wote walimtazama Mzee Bashiri. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ndevu zake nyeupe, naye hakuyafuta. Aliikubali ile huruma kama mtoto anayenawishwa uso. Kisha akanyoosha mkono kwa mkewe.

"Sada, hapo kwenye kikapu, umebeba maji?"

Alikuwa ameyabeba. Mzee alikunywa kikombe, akanywa cha pili.

Siku ya saba aliruhusiwa kurudi nyumbani. Zenon alipita kila jioni kwa wiki nzima, akawafundisha upya, taratibu. Mfuko ubadilishwe asubuhi kabla ya kunywa chochote, maana saa hiyo mkojo ni mchache. Ngozi ioshwe kwa maji safi, ikaushwe vizuri, isipakwe mafuta, kwa sababu mafuta yanazuia gundi kushika. Tundu la mfuko likatwe kulingana na ukubwa wa kitundu, lisibane wala lisiache ngozi wazi. Wakati wa kulala mfuko uunganishwe na mpira unaoelekea kwenye chupa kubwa chini ya kitanda, ili mtu asiamke amelowa. Asibebe vitu vizito. Kikoi kifungwe juu au chini ya kitundu, kisikikandamize. Mifuko ililetwa na dereva wa lori kutoka Mbeya, na Sada aliiagiza mapema, kabla ya kubaki mitano.

"Na si kila mtu anapata njia hii," Zenon aliwaambia siku moja. "Wengine daktari huwatengenezea kibofu kipya cha utumbo humohumo ndani, wasivae mfuko. Inategemea saratani ilipofika na hali ya figo. Daktari ndiye anayejua. La muhimu ni kuwahi. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, si ya kungoja."

Sada aliongeza jambo moja ambalo hakufundishwa na mtu. Alikata kipande cha kanga yake ya zamani, akashona vazi dogo la kuvalisha mfuko, ili plastiki isishikane na ngozi wakati wa jasho. Mzee Bashiri alilikagua.

"Mimi mzima nivae kanga?"

"Unaificha ndani ya kanzu. Nani atakuona?"

"Wewe."

"Mimi ndiye niliyeichagua," alisema Sada. "Na leo usilale ukutani kama mgeni. Miezi yote hii unanigeuzia mgongo, unadhani mfuko utanila?"

"Nilidhani utauchukia."

"Nimekufulia miaka thelathini na moja, Baba Hasna. Sijaona bado cha kuchukia."

Tangu usiku huo Mzee Bashiri hakulala ukutani tena. Kuhusu mambo mengine ya mume na mke ambayo upasuaji huo huyabadilisha, walimuuliza daktari wote wawili, siku ya kurudi kupimwa. Daktari hakucheka. Aliwajibu kama watu wazima.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane, mzee alivaa kanzu nyeupe, akatoka. Sada alibaki uani na ungo wake. Alisubiri. Kwanza alisikia mtu akikohoa kwenye kipaza sauti. Kisha sauti ikapanda juu ya soko, pana, tulivu, ileile. Huko ng'ambo ya ua, mke wa Zenon, Dominika, aliinua kichwa kutoka kwenye beseni lake. "Amerudi," alisema. Sada aliweka ungo chini. Fundi cherehani alisemekana kufurahi kuliko wote.

Mwezi wa kumi Zenon alileta mgeni. Aliitwa Alois, mkulima wa Mwimbi, mtu mkubwa mwenye mikono ya jembe. Alikuwa na saratani ya kibofu. Daktari alimwambia aende Dar es Salaam, naye alikataa mara mbili.

"Wananiambia nitatobolewa tumbo," alisema Alois, akiangalia sakafu. "Nitakuwa mtu gani hapo? Nitakwendaje kanisani? Nitakaaje na wenzangu kilabuni? Bora nibaki nilivyo."

Sada alimtazama mumewe. Huyu ni mtu aliyeficha tumbo lake hata kwa rafiki yake wa miaka kumi na tisa. Mzee Bashiri alinyanyuka, akafunga mlango wa dukani, akainua kanzu.

"Tazama," alisema.

Alois alitazama. Aliona mfuko umevaa kanga ya maua. Uso wake, uliokuwa mgumu tangu aingie, ulilegea kidogo.

"Unauma?"

"Hauumi. Bonyeza hapa pembeni. Usiogope, mimi mwenyewe niliogopa kwa niaba yetu sote."

Waliongea muda mrefu. Alois aliuliza kuhusu jembe, kuhusu kulala, kuhusu mkewe, Emerensiana. Mzee Bashiri alijibu kila swali, na yale yasiyo yake alimwachia Zenon. Huku akiongea alikuwa akijimiminia maji, na kila akijimiminia alimmiminia na mgeni wake.

Kisha akatazama saa ya ukutani. "Niwieni radhi, alasiri inaingia," alisema. Alikwenda msalani, akamwaga mfuko, akanawa, akatia udhu. Akatoka.

Alois alibaki na kikombe mkononi. Baada ya dakika chache adhana ilisikika. Aliinua macho.

"Ni yeye huyo?"

"Ndiye," alisema Sada.

Alois alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Zenon. "Ile barua ya daktari, bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi nitaipeleka."

Alimaliza kikombe chake, akakiweka mezani. Sada akashika jagi ili amwongezee, akaliona ni jepesi. Lilikuwa tupu kabisa. Alilichukua kwenda kulijaza, na njiani alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili.